Watakwimu wa Juba: Historia Fupi ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu

Sudan Kusini ilikuwa na ofisi ya takwimu kabla haijawa nchi. Mwezi Mei 2004, vita kati ya kusini na serikali ya Khartoum vikiwa bado havijamalizika rasmi, Kituo cha Takwimu na Tathmini cha Sudan Mpya kilishirikiana na UNICEF kutoa makadirio ya hali ya jamii kusini. Baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005 kikawa Kituo cha Sensa, Takwimu na Tathmini, na uhuru ulipopatikana Julai 9, 2011 kikawa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, makao yake Juba.

Mafundi wa kazi hiyo walikuwa adimu, na sababu inajulikana. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa 1975, kilihamishiwa Khartoum vita vilipopamba moto mwishoni mwa miaka ya 1980, kikarudi nyumbani karibu na uhuru. Kwa takriban miaka ishirini mji ulikosa chuo kikuu chake.

Hata hivyo kazi ilifanyika. Katika utafiti wa afya ya kaya wa 2006, wanawake waliulizwa habari za dada zao wa tumbo moja: wangapi walifikia utu uzima, wangapi wamefariki, na waliofariki, je, walikuwa wajawazito, wakijifungua, au bado kwenye arobaini? Majibu hayo yalizaa tarakimu iliyotangaa duniani: vifo 2,054 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Wenye fani wanajua kwamba kipimo hiki cha kuuliza habari za dada huzungumzia zaidi miaka iliyotangulia utafiti, yaani hapa miaka ya vita. Wanasiasa na wafadhili waliinukuu miaka mingi kana kwamba ni ya jana. Hapo ndipo anapohitajika mtakwimu wa afya wa kusema, "Subirini kidogo."

Sensa ya Aprili 2008 ilihesabu watu 8,260,490 kusini, kama asilimia 21 ya Sudan nzima. Serikali ya Juba iliyakataa matokeo kwa kuyaona madogo mno, maana mgawanyo wa madaraka na mali ungeyafuata. Ajabu ni kwamba hesabu iliyokataliwa ndiyo iliyoendelea kutumika kupanga mambo, kwa kuwa sensa nyingine haikufuata. Utafiti wa makadirio wa 2021, uliosaidiwa na picha za setilaiti, ulitoa watu milioni 12.4.

Vita vya ndani vilivyoanza Desemba 2013 navyo vilihitaji kuhesabiwa. Mwaka 2018 makadirio yalitoka: vifo vya ziada 382,900 hadi Aprili mwaka huo, karibu nusu vikitokana na ukatili. Hesabu hiyo iliongozwa na wataalamu wa Chuo cha Usafi na Tiba ya Kitropiki cha London, wakitumia tafiti za vifo zilizofanywa na mashirika ndani ya nchi. Sidhani kama ni haki wafiwa wa miji iliyopigwa na vita kama Bentiu na Malakal wangoje hesabu kutoka London.

Tangu 2016 nchi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Dar es Salaam kipo Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kinachofundisha tangu 1961; vijana wetu wa takwimu wapelekwe huko. Na hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Juba, Wizara ya Afya na Ofisi ya Takwimu ziwakutanishe watu wao kila mwezi, wakosoane kazi kabla tarakimu haijatoka nje. Ukumbi haukosekani; waitwe.