Kabla Hujamshika Nyoka Mchanga: Kutoka kwa Mango hadi Bwana Nyoka

Wasee, kuna jambo linanichekesha na kuniuma hapo hapo. Kule Marekani na Uingereza kuna vijana wa rika letu wanaofuga nyoka mwenye jina la nchi yetu: boa wa mchanga wa Kenya. Ni mfupi, mnene, hana sumu, na kwao halisi, kwenye sehemu kavu za Kenya, hushinda amejizika mchangani akingoja windo lipite. Akiwa bado mchanga (ndiyo, boa wa mchanga aliye mchanga, Kiswahili kina utani) hushtuka kwa kila kitu na anaweza kukuuma bila sababu unayoiona. Wanaomfuga wanaulizana watamtulizaje. Sisi hapa Kibomet, nyoka akionekana nyuma ya choo, swali ni moja tu: panga iko wapi?

Na siwalaumu watu wa mtaa. Hiyo panga ina historia ndefu.

Kama umekulia upande huu wa Kitale na Bungoma, Mango unamjua. Wazee wa Bukusu husimulia kwamba joka kubwa, Khururwe-yabebe, lilikuwa likimaliza watu na mifugo. Mango akaapa kulimaliza. Alipolikata kichwa, majirani wao Barwa wakakubali kwamba huyu ni mwanamume, wakamtahiri. Kwa simulizi hiyo ndipo tohara ya Babukusu inapopata mzizi, na ndiyo maana kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti ikifika, huku kwetu halali mtu kwa njuga na nyimbo.

Lakini kuna kipande cha hadithi ambacho watu hukiruka wakikimbilia upanga. Mango hakuvamia tu. Alijua joka linatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi, akaingia pangoni likiwa nje, akajibanza akasubiri. Hata shujaa wa kuua nyoka alianza kwa kumsoma nyoka. Manze, hapo ndipo mimi naona historia yenyewe iko.

Vuka sasa uende Nyakach, kwa Waluo. Huko kulikuwa na chatu aliyeitwa Omieri, na watu hawakumtafutia panga. Kwao alikuwa dalili ya mvua na mavuno. Mwaka 1987 aliungua moto, akapelekwa kutibiwa, na nchi nzima ikafuatilia habari za mgonjwa huyo kama za waziri. Alikufa, ila fikiria: Kenya hiyo hiyo, nyoka huyo huyo wa kuogopwa, na watu wanalilia matibabu yake.

Halafu kuna Ionides. Constantine Ionides, Mwingereza aliyezaliwa 1901, alikuwa askari wa wanyamapori Tanganyika, baadaye akahamia Newala kukamata nyoka. Watu wakamwita Bwana Nyoka. Alikuwa mtu wa enzi ya ukoloni, tusimpambe sana, na wanakijiji ndio waliokuwa wakimletea habari nyoka alipo, ingawa jina lililobaki vitabuni ni lake. Lakini namna yake ya kumshika kifutu wa Gaboon inafaa kusomwa mara mbili. Kwanza alimgusa kidogo tu kichwani kwa koleo, aone amekasirika au la. Mara nyingi nyoka alikuwa ametulia. Basi aliweka koleo kando, akamshika shingo kwa mkono mmoja na kuubeba mwili kwa mkono wa pili, akampeleka kwenye sanduku. Alisema ni nadra kuwaona wakipapatika. Usijaribu, buda. Huyo nyoka ana meno ya sumu marefu kuliko ya nyoka mwingine yeyote duniani, na Ionides mwenyewe aliumwa na nyoka mara nyingi maishani kabla hajafa 1968.

Kazi hiyo ikapata nyumba. Bustani ya nyoka ya Nairobi ilifunguliwa 1961. James Ashe, aliyefanya kazi hapo, yeye na mkewe Sanda wakaanzisha Bio-Ken kule Watamu mwaka 1980. Na sisi tunayo yetu: Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa 1974 kutokana na mkusanyiko wa Kanali Stoneham, yana nyoka hai. Mimi niliacha chuo, lakini pale bado naingia, na kila mara nawakuta watoto wa shule wakigonga kioo wakingoja nyoka akasirike.

Hasira si neno lake. Fikiria nyoka wa urefu wa rula: mwewe anamtaka, nguchiro anamtaka, paka anamtaka, hata kuku anaweza kummeza. Kitu kikubwa kikishuka kutoka juu, kwake hicho ni kifo. Mkono wako ukishuka kutoka juu, kwake wewe ni mwewe.

Sheria kwanza, kabla hujaniuliza bei. Nyoka ni mnyamapori, na kwa sheria ya 2013 huwezi kumfuga bila kibali kutoka KWS. Na yule mdogo unayemwona shambani usimguse kabisa, kwa sababu kifutu, wengine humwita moma, ana sumu tangu siku anayozaliwa.

Kwa mwenye kibali na nyoka asiye na sumu, mambo yako hivi. Wiki ya kwanza mwache. Ajifiche, azoee harufu ya mahali, ale. Akishakula mpe siku mbili, la sivyo atakitapika chakula. Halafu leta mkono kutoka pembeni, chini, taratibu, umwinue kwa katikati ya mwili. Kichwa usikibane. Mwache apite kutoka kiganja hadi kiganja, mwili wote ukiwa umebebwa, kwa sababu nyoka anayening'inia anahisi anaanguka. Ulimi ukitoka na kuingia polepole, anakusoma. Shingo ikijikunja kama herufi S na mwili ukakakamaa, simama, usisogeze kidole. Dakika tano zinatosha kwa kuanza, umrudishe akiwa bado ametulia. Na macho yakigeuka rangi ya maziwa, yuko karibu kujivua gamba na haoni vizuri. Siku hizo mwache mpaka gamba litoke.