Virusi, Saratani na Mionzi: Kutoka Mulago hadi Sydney



Jamaa zetu wengi hapa husema saratani ni saratani tu, na mionzi ni moto, huunguza zote sawasawa. Mimi nasema historia inakataa, tena historia yenyewe ilianzia kwetu.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alichapisha habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Mwaka 1961 akahutubia London, na Anthony Epstein alikuwapo akisikiliza. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kampala ya wakati ule haikuwa na mashine ya mionzi, kwa hiyo Burkitt akategemea dawa, na baadhi ya watoto wakapona.

Virusi vingine, HPV, Harald zur Hausen alivikuta kwenye saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1983. Kumbe vimo hata katika saratani za koo! Utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wagonjwa wa koo wenye HPV, waliotibiwa kwa mionzi na dawa, 82.4% walikuwa hai baada ya miaka 3. Wasio na HPV, 57.1%.

Kwa nini? Kwa mvutaji sigara, jeni ya p53, mlinzi wa seli, mara nyingi imeharibika yenyewe. HPV huiacha jeni nzima, ila protini yake E6 humvunja mlinzi kila anapotengenezwa. Tena seli hizo ni dhaifu katika kuunga DNA iliyokatika. Mionzi ikipiga, hazihimili.

Basi tupunguze makali ya tiba? Taratibu! Watafiti wa Australia na New Zealand walibadilisha sisplatini kwa setuksimabu, pamoja na mionzi. Matokeo ya 2021: ugonjwa uliwarudia wengi zaidi, na madhara hayakupungua.

Na kwetu mionzi si ya kutegemea sana: mwaka 2016 mashine pekee ya Uganda, pale Mulago, iliharibika, ikapata mbadala 2018. Lakini virusi vina chanjo, tunda la kazi ya Ian Frazer na Jian Zhou huko Brisbane. Australia ilianza kuwachanja wasichana 2007, Uganda 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019. Mwenye binti nyumbani asingoje kubishana nami; ampeleke kwanza.