Mganda: Shule ya Mazoezi Kando ya Ziwa Nyasa

Husemwa mara nyingi kwamba nidhamu ya mazoezi ya muziki, ile ya kurudia kipande kimoja mpaka kikae mwilini, tuliletewa na misheni pamoja na vitabu vya Ulaya. Kwa gitaa la klasiki, dai hilo lina mashiko. Kitabu cha mafunzo cha Fernando Sor kilichapishwa Paris mwaka 1830, na skeli alizozipanga Andrés Segovia, zilizotoka mwaka 1953, bado hupigwa na wanafunzi wengi kabla ya kugusa wimbo wowote. Lakini historia ya Mbinga na ya mwambao wa Ruvuma, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, inadai tupanue mawazo. Huko Wanyasa na Wamatengo walijijengea shule ya mazoezi bila kitabu wala darasa. Shule hiyo ni ngoma ya mganda, na nguvu yake ilitokana na jambo moja: kila zoezi lilikuwa na shindano mbele yake.

Mganda ni wa ukoo mmoja na beni, ngoma iliyoanza katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kugawanyika katika vyama vilivyoshindana, mashuhuri zaidi Marini na Arinoti. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwakusanya askari na wapagazi kutoka pande zote za ziwa, nao wakarudi makwao wakiijua kwata. Vijijini kwata hiyo ikageuzwa kuwa ngoma: safu zilizonyooka, kaptura na soksi ndefu, vyeo vya kijeshi, na ngoma kubwa iliyoshika nafasi ya ile ya bendi. Badala ya tarumbeta za shaba, wachezaji walishika malipenga ya vibuyu. Lipenga halipulizwi, mpigaji huimba ndani yake, na utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu huikwaruza sauti yake. Kibuyu kidogo hubeba sauti ya juu, kikubwa hubeba ya chini.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inajipinga yenyewe, kwa kuwa nidhamu iliyotoka kwa jeshi la mkoloni nayo ni ya kigeni. Ni kweli kwata ilikuwa ya kuazima. Hata hivyo jeshini askari alirudia hatua kwa kuogopa adhabu, ilhali kwenye mganda vijana walijiamrisha wenyewe, wakatunga nyimbo zao, na waliohukumu walikuwa watu wa kijiji waliofika kulinganisha wenyeji na wageni. Aliyekosa hatua alionekana na wote. Amri ikawa heshima, na heshima humrudisha mtu kwenye zoezi hata pasipo msimamizi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mpiga gitaa hufanya mazoezi peke yake, wakati kundi humficha mzembe. Lipenga lenyewe linajibu nusu ya pingamizi hilo: kibuyu hakimtafutii mtu noti, hivyo kila mmoja hulazimika kuishika kwa koo lake, na anayeteleza huharibu safu nzima. Nusu ya pili lazima tuikubali. Mganda haufundishi kusoma noti, wala hauwezi kukifanya kidole cha pete kiwe na nguvu sawa na cha shahada. Kwa hayo, Sor na Segovia hawana mbadala. Ila vitabu vyao humweleza mwanafunzi arudie nini, bila kumpa sababu ya kurudia keshokutwa. Mwalimu wa gitaa Mbinga anayetaka wanafunzi wadumu aanze basi pale mganda ulipoanzia: apange kwanza siku ya kupiga mbele ya watu wanaojua kulinganisha, kisha ndipo agawe skeli.