Mandhari: Neno Lenye Jicho Ndani

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, shule moja ya Bungoma, aliniletea jarida lao nisome shairi lake kuhusu Masaba, mlima ambao kwenye ramani huitwa Elgon. Shairi lilikuwa zuri. Kilichonikwaza ni picha iliyokuwa kando yake: mwanamume wa koti refu ametupa mgongo, fimbo mkononi, amesimama juu ya mwamba, na chini yake ukungu na majabali yaliyochongoka. Aliyepanga kurasa alikuwa ameiokota mtandaoni. Ni kazi ya Mjerumani Caspar David Friedrich ya mnamo 1818, nayo huhifadhiwa Hamburg.

“Mwalimu, huyu mzungu anafanya nini kwenye mlima wetu?”

Nikacheka, ila jibu sikuwa nalo mkononi, maana lilihitaji istilahi mbili na moja imekaa upogo.

Iliyokaa upogo ni ulimbwende. Ndilo jina ambalo wahakiki wetu wengi wamelipa lile vuguvugu la sanaa la Ulaya, la mwishoni mwa karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19, lililotanguliza hisia, nafsi na maumbile mbele ya kanuni za urasimi. Vyuoni tumelizoea. Lakini toka nje, simama sokoni Kitale, uliza mlimbwende ni nani. Utatajiwa mtu wa kujipodoa na kujitazama kiooni, au msichana wa mashindano ya urembo. Basi anayesikia “mchoro wa kilimbwende” hungoja maua na rangi za kupendeza, kumbe wachoraji hao walipenda magofu, dhoruba, mti uliokauka na meli inayozama. Wapo wanaotohoa na kusema uromantiki. Si neno tamu, ila angalau halidanganyi mtu. Mimi ningelichukua hilo.

Mandhari ni habari nyingine. Tumelitoa Kiarabuni, katika mzizi wa kutazama, uleule uliotupa nadhari na nadharia. Waholanzi, ambao neno lao landschap ndilo Waingereza waliloazima kuitia aina hii ya uchoraji, walianzia kwenye ardhi. Sisi tunaanzia kwenye jicho. Ardhi ipo hata usiku wa manane pasipo mtu, lakini mandhari haipo mpaka pawe na anayeitazama. Na hilo ndilo Friedrich alilokuwa akihangaika nalo hata akamchora mtazamaji mwenyewe katikati ya turubai.

Kikwazo ni darasa la fasihi. Humo mandhari ni mahali na wakati wa matukio ya hadithi, na mtahiniwa hujibu “shuleni, usiku” akapata alama yake. Sioni haja ya kubuni neno jipya kwa sababu hiyo. Ukisema “mchoro wa mandhari” hakuna atakayedhani unazungumzia riwaya.

Kuna na tendo la kuitia picha shairini. Tuna kielelezo, lakini kielelezo hueleza, na picha nzuri ya shairi haielezi kitu. Kupamba kunaturudisha kwa mlimbwende. Mfano maarufu ni wa Samuel Rogers, mshairi wa London aliyekuwa pia tajiri wa benki. Utungo wake mrefu kuhusu Italia ulipoanza kutoka mwaka 1822 haukuchangamkiwa. Akatoa fedha zake, akawaajiri wachoraji, J.M.W. Turner akiwa mmojawapo, picha zikachongwa kwenye mabamba ya chuma cha pua, na toleo la 1830 likanunuliwa kwa wingi. Picha za Turner humo hazina fremu. Ziwa na milima huanza katikati zikiwa zimekolea, kisha hufifia kuelekea kingoni mpaka hujui wino umeishia wapi na karatasi imeanzia wapi. Mistari ya shairi iko hapo hapo, chini yake. Picha ya namna hiyo, kwa maoni yangu, husindikiza shairi: hutembea nalo kipande cha njia, kisha hurudi.

(Waswahili nao hawakuwa mbali na mambo haya. Karibu zama zilezile Friedrich alipokuwa akichora magofu ya abasia, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akauonyesha moyo wake majumba ya Pate yaliyoporomoka. Mandhari kamili, bila brashi.)

Sasa Masaba. Panda matatu Kitale asubuhi, kaa dirisha la kulia, shika njia ya Kiminini na Kamukuywa kuelekea Kimilili. Mlima una mita 4,321, lakini huoni kilele cha kuchongoka. Ni volkano iliyozimika zamani, pana mno, na kutoka barabarani unaona mgongo mrefu wa buluu juu ya mahindi, kama ng’ombe aliyelala. Mchana mawingu huufunika, na mgeni aweza kupita asijue kulikuwa na mlima. Majabali ya yule Mjerumani hayausindikizi mlima huu hata hatua moja.

Nilimwambia kijana achore mwenyewe. Wiki mbili baadaye akaleta karatasi ya penseli: mstari mmoja mrefu unaopanda polepole na kushuka polepole, wingu, mabua machache, kingo zimeachwa wazi. Nikamuuliza mbona hakumweka mtu. Akagusa meza, mahali karatasi ilipoishia upande wake.

“Nilikuwa nimekaa hapa.”