Kosa na Viungo Vyake: Historia ya Somo Moja la Kurutu

Dola yo yote, iwe ya makabaila, ya mabepari au ya wakulima na wafanyakazi, ina askari, mahakama na magereza. Kwa sababu hiyo wako makada wanaodhani kwamba somo la sheria ya jinai wanalofundishwa makurutu wa polisi ni ufundi mtupu, mambo ya vifungu na namba, ambayo hayamhusu mtu wa siasa. Sisi tunaliona somo hilo kuwa ni la siasa tangu mstari wake wa kwanza. Mwalimu humwambia kurutu: wizi una viungo vyake, na kiungo kimoja kikikosekana hakuna wizi. Maana yake ni kwamba mtu mwenye bunduki, pingu na sare ya Serikali ameonyeshwa mahali pa kusimama. Katika makala haya tutaeleza jinsi mpaka huo ulivyofika katika nchi yetu, uliletwa na nani na kwa faida ya nani, na mambo yaliyotokea uliporukwa.

Wakati wa Wajerumani mpaka huo haukuwapo kwa Mwafrika. Aliwekwa chini ya amri ya Kansela ya mwaka 1896, ambayo ilishughulika na adhabu: viboko visizidi 25 kwa mara moja, faini, minyororo, kifungo, kifo. Kwa ombi la mwajiri, kibarua wa shamba la mkonge aliweza kuchapwa kwa uvivu, kwa ukaidi au kwa kuacha kazi. Lakini uvivu ni nini? Unaanzia wapi? Nani athibitishe, na kwa ushahidi gani? Hayo aliyajua mkuu wa boma peke yake. Idadi ya viboko ilijulikana hata na watoto, ndiyo maana neno "hamsa ishirini" liliendelea kukaa vinywani mwa wazee wetu muda mrefu baada ya Mjerumani kuondoka. Kosa halikuwa na viungo; kiboko ndicho kilichokuwa na hesabu.

Waingereza walipoitwaa nchi waliunda polisi kwanza, sheria ikafuata. Jeshi la Polisi la Tanganyika liliundwa mwaka 1919. Mwaka 1920 ikaletwa sheria ya kulielekeza, nayo haikutungwa kwa ajili yetu: ilikuwa Kanuni ya Adhabu ya India. Rasimu yake iliandikwa na tume iliyoongozwa na Macaulay, Mwingereza aliyefika India mwaka 1834. Ilikamilika mwaka 1837, kisha ikalazwa kabatini kwa zaidi ya miaka 20, ikapitishwa mwaka 1860, yaani miaka mitatu baada ya Wahindi kuinuka dhidi ya utawala wa Kiingereza. Msomaji ajiulize kwa nini rasimu iliyolala muda wote huo iliamshwa wakati ule.

Mwaka 1930 Tanganyika, Kenya na Uganda zilipewa kanuni mpya. Zanzibar ikapata yake mwaka 1934. Safari hii mfano ulitoka Queensland, koloni la Waingereza huko Australia, ambako Samuel Griffith, mwanasiasa na jaji, aliandika kanuni iliyopitishwa mwaka 1899. Kutoka huko ilichukuliwa Nigeria ya Kaskazini mwaka 1904, ikaenezwa Nigeria nzima mwaka 1916, ndipo ikavushwa kuja huku. Basi mkulima wa kahawa wa Bukoba akawa anahukumiwa kwa maneno yaliyopangwa katika nchi ya mashamba ya miwa ng'ambo ya bahari, na watungaji wakaongeza kifungu kilichoagiza kwamba maneno hayo yafasiriwe kwa maana yaliyo nayo katika sheria ya jinai ya Uingereza.

Matunda ya fikra ya namna hiyo yalikwisha onekana Kenya mwaka 1917, katika shauri la Amkeyo. Mtu huyo alishitakiwa kwa kupatikana na mali ya wizi, na shahidi mkubwa dhidi yake alikuwa mwanamke aliyemwoa kwa mila. Sheria ya ushahidi ililinda siri za mume na mke. Jaji Mkuu Hamilton akakataa kumpa kinga hiyo, akisema kwamba ndoa ya mila ni ununuzi wa mke, haistahili kuitwa ndoa. Tazameni jambo lilivyo: viungo vya kosa vilikuwa vile vile kwa watu wote, lakini alipofika Mwafrika, ngao iliyozunguka viungo hivyo ikavuliwa.

Hapa ndipo makada wetu wengi wanapogawanyika. Wako wanaosema kwamba kwa kuwa kanuni hiyo ni ya mkoloni, maelezo yake ya makosa nayo ni hila za mkoloni, na mwananchi anamjua mwizi bila kusoma kifungu. Wengine wanasema sheria ni sheria, mwenye kuiandika hatuhusu. Makundi yote mawili yanakwepa kazi ya kukifungua kitabu na kutazama ndani. Sisi tukifungue katika kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinachoeleza wizi.

Kifungu hicho kinataka kwanza kiwepo kitu kinachoweza kuibwa. Kinataka mshitakiwa awe amekichukua, au, ikiwa alikuwa nacho tayari mkononi, awe amekigeuza kuwa chake au cha mtu mwingine asiye mwenyewe. Kuchukua maana yake ni kukisogeza. Aliyeshika tu mpini wa jembe la jirani hajaiba. Kinataka awe hana dai la haki juu ya kitu hicho. Na kinataka hila, yaani nia mojawapo kati ya zilizotajwa, iliyo kuu ikiwa ni nia ya kumnyima mwenyewe moja kwa moja.

Tuchukue mambo ya kijijini. Kijana amechukua baiskeli ya jirani bila kuuliza, akaenda nayo mnadani, jioni akairudisha. Amekosa adabu, na jirani ana haki ya kukasirika, lakini nia ya kumnyima moja kwa moja haipo. Mtu mwingine ameingia zizini kwa shemeji yake mchana kweupe, akaswaga ng'ombe wawili, akisema ni mahari ya dada yake ambayo haikumalizika kulipwa. Shemeji anakimbilia kwa balozi wa nyumba kumi, balozi anakwenda naye kituoni, na wote wawili wanatamka neno moja: mwizi wa ng'ombe. Askari asiyejua viungo atamweka mtu huyo mahabusu. Anayevijua atauliza kwanza juu ya dai la haki, kwa maana kifungu cha 9 kinasema kwamba anayetenda juu ya mali kwa kuamini kwa unyofu kuwa ana haki, bila nia ya kudanganya, hana hatia ya jinai. Dai lenyewe linaweza kuwa bovu, na baraza litalikataa. Lakini mahari iliyobaki si kazi ya pingu.

Sasa tugeuke upande wa pili, kwa kuwa kifungu hicho hicho kina meno ambayo baadhi ya wakubwa hawayapendi. Karani wa chama cha ushirika amepokea fedha za kuwalipa wakulima wa pamba. Amezitumia kununua mabati ya nyumba yake, na akibanwa anajibu: nilikopa tu, msimu ujao ningerudisha. Wanakijiji wengi hulikubali jibu hilo, na hata viongozi wetu wamepata kulikubali, wakasuluhisha, wakamhamishia ushirika mwingine. Kanuni hailikubali. Kwa upande wa fedha imetaja wazi kwamba nia ya kuzitumia apendavyo ni hila, hata kama alikusudia kuzirudisha baadaye kwa mwenyewe. Mwenye baiskeli amerudishiwa baiskeli ile ile. Mkulima aliyekosa fedha wakati wa kununua mbegu amekosa msimu. Sijui, ndugu, kama Griffith aliwafikiria wakulima wa pamba wa Geita. Hakuwafikiria. Lakini maneno yake yanawalinda kuliko huruma za kamati nyingi.

Kuvunja nyumba hakuhitaji maneno mengi. Kurutu hudhani lazima kufuli livunjike. Kanuni inasema kufungua mlango kwa kuusukuma au kuinua kizuizi kunatosha, na mtu amekwisha ingia mara sehemu yo yote ya mwili wake, au ya chombo anachotumia, inapokuwa ndani. Lakini pawepo pia nia ya kutenda kosa humo ndani, na nia hiyo ndiyo inayosahauliwa katika hati za mashitaka. Mlevi aliyekosea mlango amefungua na kuingia, nia hana.

Katika kosa la kuua uzito wote uko kwenye dhamira. Kwamba mtu amekufa, kwamba kifo kilitokana na tendo la mshitakiwa, na kwamba tendo halikuwa halali, hayo yanatakiwa hata katika kuua bila kukusudia. Kinachopeleka mtu kwenye hukumu ya kifo ni dhamira iliyoelezwa katika kifungu cha 200: kukusudia kuua au kudhuru vibaya, au kujua kwamba tendo litaleta hayo, na nyingine zilizotajwa pale. Hasira ya ghafla iliyochochewa inaweza kuliteremsha kosa, na kipimo cha hasira hiyo ni mtu wa kawaida wa jamii ya mshitakiwa. Kipimo hicho kiliwatia majaji wa kikoloni katika taabu walipofika kwenye uchawi. Mwaka 1951, katika shauri la Eria Galikuwa kutoka Uganda, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kwamba kuamini na kuogopa peke yake hakutoshi; lazima pawe na tendo la uchochezi lenyewe, na hasira ya papo hapo. Kwa hiyo mtu aliyemwua bibi kizee kwa sababu macho yake ni mekundu, huku macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa mafiga na kinyesi cha ng'ombe, hana uchochezi wo wote wa kujitetea nao.

Tumetaja mauaji ya vikongwe kwa makusudi, maana ndiyo yaliyotuletea fedheha yetu wenyewe. Mwaka 1976 ilifanywa operesheni katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ili kuwapata wauaji. Lengo lilikuwa la haki. Watu wengi walikamatwa, na kwa kuwa viungo havikutafutwa kwa ushahidi, vilitafutwa kwa maungamo. Watuhumiwa waliteswa, na wengine walikufa mikononi mwa vyombo vya dola. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa hakumgusa mtu kwa mkono wake, na baadaye maofisa waliohusika walifikishwa mahakamani. Sisi tunapenda kusimulia kujiuzulu huko kama somo la uwajibikaji, na ni somo kweli. Lakini tunasimulia kidogo mno habari za chumba cha mahojiano. Hata sheria ya ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyotungwa na mabeberu kwa ajili ya watu waliowatawala, ilikataa maungamo yaliyotolewa kwa polisi. Mabeberu walimjua askari wao.

Wala tusidai kwamba kosa hilo lilikuwa la ghafla. Mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya adhabu za chini kabisa. Aliyetiwa hatiani kwa makosa yaliyotajwa, kama vile wizi wa ng'ombe, alifungwa si chini ya miaka miwili pamoja na viboko 24: 12 wakati wa kuingia gerezani, 12 wakati wa kutoka. Wazee waliokumbuka hamsa ishirini waliweza kuhesabu kwamba tumepunguza kimoja. Sheria iliyochukua nafasi yake mwaka 1972 iliviondoa viboko hivyo, lakini vilirudishwa mwaka 1989.

Liko na kosa jingine ambalo kurutu wa kikoloni alifundishwa vizuri kuliko yote, nalo ni uzururaji. Kifungu cha 177 kilimhesabu kuwa mhalifu mtu anayeshukiwa, asiye na njia ya kujikimu inayoonekana, na asiyeweza kueleza vizuri habari zake. Tafuteni viungo. Hakuna kitu kilichochukuliwa, hakuna aliyeumizwa, hakuna hata nia. Kiungo ni umaskini wenyewe, na shahidi ni jicho la askari. Mkoloni alikihitaji kifungu hicho ili mji uwe wa Wazungu na shamba lipate vibarua. Sisi tulikirithi tukakipaka rangi ya Azimio: kila mtu afanye kazi. Katika kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, watu wa Dar es Salaam walikamatwa barabarani, wamo na waliokuwa na kazi zao ila hawakuwa na kitambulisho mfukoni siku hiyo. Kufanya kazi ni wajibu, hilo hatuliachi. Lakini wajibu uliogeuzwa kuwa kosa lisilo na viungo humrudisha askari kwenye amri ya mwaka 1896.

Limebaki jambo la lugha. Mahakama za mwanzo zimesikiliza mashauri kwa Kiswahili tangu zilipoanzishwa, lakini kanuni yenyewe ilitungwa kwa Kiingereza, na kurutu alikariri viungo katika lugha moja na kumhoji mtuhumiwa katika lugha nyingine. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi sasa ni ya maneno. Lile neno linalofungua kifungu cha 258, ambalo tumeliandika hapa kuwa "kwa hila", wengine wangesema "kwa ulaghai", wengine "kwa nia ya wizi". Hili la mwisho halifai, kwa kuwa linaeleza wizi kwa wizi. "Ulaghai" nao unamfanya askari atafute uongo uliosemwa, na karani wetu wa pamba hakusema uongo wo wote. Aliandika kila shilingi aliyoipokea, kisha akaitumia. Hila yake iko katika ukurasa wa malipo, ambako majina ya wakulima yamepangwa moja moja na nafasi ya dole gumba ni tupu.