Unashuka Zanzibar? Hivi Ndivyo Utapata Mahali Poa pa Kupiga Snokeli Bila Kulipia Boti

Umesevu doh mwaka mzima, mbogi imekubaliana ni Unguja, na maski mpya iko kwa begi. Unafika bichi saa nne asubuhi, unapata bahari imehama. Ni mchanga tu, majani, na ngalawa zimelala ubavu. Hapo ndipo msee wa boti anakuja na bei yake, na huna la kujitetea.

Si lazima iende hivyo. Samaki wa rangi unaweza kuwaona ukiingia kwa miguu yako kutoka ufuoni. Lakini kabla uulize bichi gani ni kali, uliza maji yako wapi, saa ngapi, na yanaelekea wapi. Ukikosa hiyo rada utapoteza siku, na kwa msee hajui kuogelea poa, inaweza kuwa noma zaidi ya hapo.

Jua saa ya maji

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama masaa sita, na kila siku ratiba inasonga mbele karibu dakika 50.

Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, hiyo ni bamvua. Maji hujaa sana na kutoka sana, na tofauti inaweza kupita mita 3. Siku za bamvua Unguja, maji huwa chini kabisa mida ya saa nne asubuhi na juu mida ya saa kumi jioni. Katikati ya bamvua moja na nyingine kuna maji mafu, ambayo hayana mbio. Kama we ni mgeni wa bahari, panga safari iangukie hizo siku.

Cheki ratiba kwa simu, halafu uliza mvuvi: "Shikamoo mzee, leo ni bamvua au maji mafu?" Hilo swali litakufungulia stori mingi kuliko kuuliza "bichi poa iko wapi?"

Chagua upande

*Mashariki (Paje, Bwejuu, Jambiani):* Ule mstari mweupe wa povu unaouona mbali ndio mwamba. Kati yako na huo mwamba ni maji mafupi, nyasi na mashamba ya mwani. Maji yakitoka utatembea, hutaogelea. Ingia yakikaribia kujaa, na usikanyage mwani wa watu. Hiyo ni riziki ya akina mama wa hapo. Paje pia kuna wasee wa kaiti, so kaa mbali na kamba zao.

*Kaskazini (Nungwi, Kendwa):* Hapa maji hayaendi mbali, unaogelea karibu saa zote. Ila usikae katikati ya mchanga ukishangaa samaki wako wapi. Samaki hufuata mahali pa kujificha na kula, kwa hivyo fuata kando za miamba.

*Mnemba na Chumbe:* Hizi ni visiwa vidogo, bila boti hufiki. Chumbe imehifadhiwa tangu miaka ya 90, na huwezi kujitokezea tu bila kubuku mapema. Kama utalipia boti mara moja, lipia kufika mahali kama hapo, si mahali ungefika kwa miguu.

Upepo nao ni muhimu. Kusi ikivuma, kama Juni hadi Septemba, mashariki huchafuka. Mvua kubwa za masika pia huleta tope. Upepo ukitulia kati ya misimu, maji huwa kioo.

Soma maji kabla uingie

Tupa kumvi la nazi majini na ulitazame dakika chache. Likikimbia, na wewe utakimbizwa.

Angalia pia ule mstari wa povu. Mahali umekatika na maji ni ya buluu nzito, huo ni mlango. Bahari ikipwa, maji ya ndani hutoka na nguvu kupitia hapo. Usikaribie. Ingia maji yakimalizia kujaa, na utoke kabla yaanze kurudi.

Ukibebwa, usipigane nayo. Elea, inua mkono, kisha ogelea sambamba na ufuo hadi nguvu ipungue. Na usiwahi kuingia peke yako, hata kama ni "dakika mbili tu".

Gia ya kutosha

Kabla ununue au ukodi maski, iweke usoni bila kamba na uvute hewa kwa pua. Ikishika, iko fiti. Zoea kwanza maji ya kiunoni. Vaa laifu jaketi, viatu vya raba kwa sababu ya wale weusi wenye miiba, na tisheti, juu jua litakuchoma mgongo bila kukuambia.

Matumbawe usiyashike wala kusimama juu yake. Yale ya mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Teke moja ya selfi inaweza kuvunja kitu kilianza kabla uzaliwe.

Na ukitoka majini, jifunge leso kabla upite kijijini. Ni kwa watu hapo, na kesho utataka kumuuliza yule mzee saa ya maji tena.