Kenaiti: Jiwe la Mlima Kenya
Jiwe jeusi lililo mbele yako lilitoka kama lava takriban miaka milioni 3 iliyopita, volkeno ya Mlima Kenya ilipokuwa hai. Jina kenaiti lilitolewa na John Walter Gregory, mwanajiolojia Mwingereza aliyeupanda mlima huu mwaka 1893.

Tazama madoa meupe yenye pembe kali. Ni fuwele za feldispa, nazo ni kongwe kuliko jiwe lililozibeba: zilikua polepole chini ya ardhi, ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Weusi unaozizunguka uliganda baadaye, juu ya ardhi, upesi mno hata fuwele kubwa hazikuweza kukua.

Fuwele huongezeka tabaka juu ya tabaka, kama pete za mti, na kila tabaka huhifadhi kemia ya magma ya wakati wake. Magma mpya yenye joto zaidi ikiingia na kuchanganyika na ya zamani, kingo za fuwele huyeyuka. Kisha hukua tena kwa kemia tofauti. Kovu hilo halifutiki, na kwa hadubini huonekana wazi.

Mwamba wa aina hii uko pia kwenye Mlima Erebus, Antaktika. Gusa, lakini tafadhali usivunje kipande.